Kamati ya Kugeuza Kurasa

Umma unaarifiwa, kwa furaha na kwa mhuri, kwamba Baraza letu la Mji ndilo baraza la wazi kuliko yote. Mwananchi yeyote, awe amevaa viatu au ndala, ana haki ya kuziona kumbukumbu za Baraza saa zote za kazi, isipokuwa saa ya chai, saa ya chakula na saa ya kujiandaa kwenda nyumbani. Hayo si maneno ya jukwaani. Ni utekelezaji, na mtekelezaji ni mimi.

Mimi ni Afisa Mwandamizi wa Uwazi. Cheo hicho nilikipata kwa ushindani wa haki ambao mshindani nilikuwa peke yangu. Wenye midomo yao wanasema nilipewa kwa sababu Mwenyekiti wa Baraza ni mjomba wangu, ndugu ya mama yangu tumbo moja. Ni kweli ni mjomba wangu, lakini hilo halihusiani. Nyumbani namwamkia, ofisini namwita Mheshimiwa.

Zamani, kabla ya uwazi, kumbukumbu zilikaa masjala, chumba cha nyuma chenye rafu za mbao na karani mmoja mwenye miwani. Mtu akitaka kujua mpaka wa kiwanja chake alikwenda dirishani, karani akamtolea jalada, mtu akasoma, akashukuru, akaenda zake. Utaratibu wa hovyo kabisa. Hapakuwa na mchakato, hapakuwa na wadau, na hakuna aliyepata posho hata ya maji ya kunywa. Ndipo ikaja sheria kwamba majalada yawe wazi mbele ya umma. Mheshimiwa akaunda kikosi kazi, tukajifungia hotelini kufanya upembuzi yakinifu, tukatoka na jibu, tukiwa tumenenepa kidogo: makabati ya kioo.

Sasa kila jalada limelazwa ndani ya kabati la kioo katika ukumbi wa mbele, limefunguliwa, na taa inaliwakia. Mwananchi anaingia, anainama, anasoma ukurasa uliofunguliwa. Kurasa nyingine zitafuata kwa zamu, zikigeuzwa na Kamati ya Kugeuza Kurasa, ambayo katibu wake ni mimi na ambayo hukutana akidi ikitimia. Akidi hutimia posho ikitoka, na posho hutoka Kamati ikishakutana. Kwa hiyo majalada yote yangali ukurasa wa kwanza, ambao kwa kawaida huwa na jina la jalada. Wananchi wameshayasoma majina yote. Wengine wanayajua kwa moyo, jambo ambalo huko nyuma halikuwezekana.

Aliyenisumbua kuliko wote ni mkunga wa zahanati. Ni mama wa makamo, mwenye raba nyeupe na saa iliyobanwa kifuani kwa pini. Alikuwa akija asubuhi kabla ya zamu yake, anaweka mkoba sakafuni, anasimama mbele ya Jalada la Njia na Vichochoro kana kwamba litamhurumia.

"Mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "naomba kuona ramani ya njia ya zahanati."

"Mama, karibu sana. Iko wazi."

"Naona jina la jalada tu."

"Hilo ndilo lililofunguliwa kwa kipindi hiki."

Niwaeleze wasomaji jambo lenyewe, ingawa ni dogo. Nyuma ya ofisi zetu palikuwa na njia ya miguu iliyonyooka mpaka geti la zahanati. Wajawazito walipita hapo. Siku moja pakasimama ukuta katikati ya njia, na ng'ambo ya ukuta pakawa uwanja wa kugeuzia malori ya ghala la saruji. Ghala ni la shemeji yake Mheshimiwa, kaka wa mkewe, kijana mchapakazi. Wajawazito wakaelekezwa kuzunguka kupitia sokoni, katikati ya mikokoteni na vibanda, safari ambayo kwa mtu mwenye afya na asiye na haraka ni mazoezi mazuri. Mkunga alidai njia ile ni ya umma na ramani ya Baraza inaonyesha hivyo. Mimi sikukataa wala sikukubali. Nilimfungulia ombi.

"Eleza sababu ya kutaka kumbukumbu," nikamwambia, kalamu mkononi.

"Nimemzalisha mmoja sokoni, kwenye magunia ya vitunguu, watu wanapita wakiulizana bei. Mwingine hakufika hata sokoni."

Nikaandika: mmoja sokoni, mwingine hajafika.

"Mtoto wa sokoni ni mzima?"

"Mzima."

"Basi hapo dharura hakuna. Na huyo ambaye hajafika hajaleta malalamiko."

"Hawezi kuleta," akasema.

Nikaandika: hawezi kuleta. Nikapiga mhuri.

Alikuwa anaokota mkoba wake alipogeuka tena. "Unajua wewe nilikupokea mimi? Mama yako alipita njia ile ile, anahema, na mimi nimemshika kiuno. Ulikuwa hutaki kutoka. Kumbe tangu siku ile huna haraka na shida za watu."

Nilimweleza kwa upole kwamba tukio hilo halimo katika kumbukumbu zilizofunguliwa.

Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Tukampiga danadana kwa heshima zote. Kila alipokuja alisaini kitabu cha wageni, kwa sababu takwimu ni takwimu. Karani wa masjala, yule yule wa miwani, ambaye siku hizi kazi yake ni kufuta vioo, akaanza kumwekea kiti. Nilimkanya. Mwananchi akipewa kiti anasahau kuondoka.

Kisha ikawadia Siku ya Uwazi, sherehe ya kutimiza mwaka wa makabati. Mgeni Rasmi alikuwa mama mwenye cheo kikubwa wizarani, mwenye msafara, miwani ya jua na viatu vya kisigino kirefu kama msumari. Mheshimiwa hakulala kwa maandalizi. Alipita kabati kwa kabati akinuna.

"Kila mahali karatasi nyeupe," akasema. "Picha zitatoka kama msibani. Hamna ukurasa wenye rangi humu?"

"Upo mmoja tu, Mheshimiwa. Uko Jalada la Njia na Vichochoro."

"Fungua huo."

Mimi si mtu wa kufanya kazi kienyeji. Nilimwomba agizo la maandishi, akaandika kwa mkono wake: *Pafunguliwe penye rangi, picha itoke vizuri.* Akatia sahihi yenye mkia. Nikageuza kurasa mwenyewe kwa mamlaka ya dharura, na lile agizo nikaliweka ndani ya Jalada la Maagizo, kabati la pembeni, chini ya ukurasa wa kwanza, kama utaratibu unavyotaka. Je, niliona kwamba penye rangi ni ramani? Niliona. Lakini kazi ya afisa si kusoma jalada, ni kulifungua.

Palibaki suala la Mwananchi Bora wa Uwazi, atakayepewa cheti na jagi la kioo. Kikosi kazi kilitaka vigezo visivyo na upendeleo, nami nikapendekeza tufuate kitabu cha wageni, aliyefika mara nyingi zaidi ndiye anayefaidi huduma zaidi. Tukahesabu. Hakuna aliyemkaribia mkunga hata kwa mbali. Nilimpelekea habari njema mwenyewe, na nikamwandikia cha kusema: "Nashukuru sana."

Siku yenyewe ilifana. Bendi ilipiga, waandishi walijaa, itifaki ikazingatiwa mpaka ikachoka. Mgeni Rasmi akafika kwenye kabati lenye rangi, akavua miwani.

"Hii kijani iliyonyooka ni nini, Mwenyekiti?"

Mheshimiwa alikuwa hajawahi kuitazama ramani ile maishani, lakini hajawahi kukosa jibu. Akainama, akasoma maandishi, akanyoosha kidole huku akitabasamu upande wa kamera.

"Njia ya umma ya wajawazito kwenda zahanati, Mheshimiwa. Baraza hili linawajali akina mama."

Kamera zikamulika. Nakiri picha ilitoka vizuri. Kisha Mheshimiwa akamkabidhi Mgeni Rasmi ufunguo pekee wa makabati, uliofungwa utepe na kupakwa rangi ya dhahabu, kama ishara. Ilikuwa aushike, apigwe picha, aurudishe. Akautumbukiza kwenye pochi yake, akaifunga. Nani angemdai?

Akaitwa Mwananchi Bora. Mkunga akapanda na sare yake ya kazi, akapokea cheti, akapokea jagi.

"Mama, umeonyesha mfano," akasema Mgeni Rasmi kwenye kipaza sauti. "Sema lolote, serikali ikufanyie nini?"

Nilimwonyesha karatasi yangu kwa mbali. Hakuitazama.

"Sina makubwa," akasema. "Zamu yangu imeshaanza, nimechelewa. Naomba tu mnisindikize kazini, kwa njia hiyo aliyoionyesha Mwenyekiti."

Ukumbi ukapiga makofi. Waandishi wakashangilia zaidi, maana picha ya kiongozi akitembea na mkunga ni picha ya ukurasa wa mbele. Mheshimiwa akaninong'oneza huku ameuma meno, "Fanya kitu." Nikafanya. Nikaiambia bendi itangulie.

Tukatoka kwa mlango wa nyuma. Tukampita fundi baiskeli, tukampita mshona viatu aliyeacha sindano hewani, tukaruka mtaro. Visigino vya Mgeni Rasmi vilizama kwenye udongo, akavichomoa, vikazama tena. Watu walizidi kutufuata. Mheshimiwa alijaribu kusema kwamba mvua inakuja, lakini jua lilikuwa linatuchoma utosini. Bendi ikafika ukutani, ikaendelea kupiga ikiwa imesimama, kisha tarumbeta moja moja zikanyamaza.

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha mlinzi wa ghala.

"Shikamoo mzee," akamwamkia Mheshimiwa, kwa furaha ya mtu aliyepata wageni. "Mbona leo umepitia huku? Shemeji yako hayupo, amekwenda kuchukua lile lori lako jipya."

"Marahaba," akajibu Mheshimiwa, kwa sauti ya mtu aliyemeza kokwa.

Mkunga aliangalia saa yake ya kifuani. Nataka kuwa mkweli kuhusu kilichofuata, kwa sababu magazeti yaliandika kwamba Mgeni Rasmi aliguswa na mateso ya akina mama. Mimi nilikuwa karibu naye. Aligeuka nyuma, akautazama mtaro na ule udongo wote, kisha akavitazama visigino vya miguu yake, kimoja kikivuja damu.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi sirudi nilikotoka."

Mjomba wangu hakufika alipo kwa kukosa akili. "Ndiyo sababu tumekuleta hapa, Mheshimiwa," akasema. "Ukuta huu tunaubomoa leo."

Fundi baiskeli alikuwa ameshafika na nyundo. Sijui nani alimtuma. Mheshimiwa akavua koti, akampa mlinzi alishike, akapiga pigo la uzinduzi. Kwa ukuta wa muuza saruji, ulikuwa na saruji kidogo mno. Ulilala chini kwa mapigo machache, vumbi likatuvaa wote, na mbele yetu likaonekana geti la zahanati. Mkunga akaukanyaga ule mrundo kwa raba zake, akapita. Mgeni Rasmi akapita nyuma yake akichechemea, akaenda kufungwa plasta kisiginoni. Mwanamke mmoja mwenye tumbo kubwa, ambaye hakuwa kwenye ratiba, akapita bila kumwamkia kiongozi yeyote.

Tangu hapo njia iko wazi. Shemeji haongei na mjomba, na mke wa mjomba anapika chakula cha kutosha mtu mmoja. Kwa kuwa lazima apatikane mwenye kosa, iliundwa tume kuchunguza nani aligeuza kurasa bila akidi. Nimesimamishwa kazi. Utetezi wangu ni mfupi na hauna shaka: nilifuata agizo la maandishi lenye sahihi yenye mkia. Tume imesema nilete hilo agizo.

Agizo liko kwenye kabati la pembeni, chini ya ukurasa wa kwanza. Ufunguo uko kwenye pochi ya Mgeni Rasmi, na ofisi yake imenijibu kwamba ombi langu limepokelewa. Kuvunja kioo haiwezekani, kwani wizara imeyatangaza makabati yetu kuwa ya mfano, na ujumbe kutoka mabaraza mengine hufika kila mara kuyapiga picha. Kamati haiwezi kukutana, maana katibu wake amesimamishwa.

Kwa hiyo nafika kila asubuhi, nasimama mbele ya kioo, nasoma: *Jalada la Maagizo.* Huwa namkuta mjomba ameshafika. Yeye naye amewasilisha ombi la agizo hilo hilo, ili alichane kabla mimi sijalionyesha. Hatusemezani. Mimi nasoma upande wa kushoto, yeye upande wa kulia. Dirishani mkunga hupita akienda kazini, na siku moja alisimama kidogo.

"Kuna wanaosubiri humo?" akamwuliza karani.

"Wapo wawili. Dharura hakuna."

Akaniangalia, akaenda zake. Karani akafuta kioo mbele ya pua zetu, taratibu, akatusogezea kitabu cha wageni. Hakutupa viti.

"Mwaka huu ushindani ni mkali," akasema. "Mzee anakuzidi mara moja tu. Jana uliumwa."

Kesho nitafika kabla mlango haujafunguliwa. Nimeshaandaa cha kusema siku nikikabidhiwa jagi. Sitaomba kusindikizwa popote. Nitaomba mtu ageuze ukurasa.