Ramani Yangu Mbele ya Jenerali

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya jenerali mzima!

Mnajua mimi ni mchoraji wa vibao pale mtaani Ndosho. Saluni, maduka ya simu, mbuzi wa kuchoma (yule anayetabasamu ni wangu). Juzi wanajeshi wakanipa kazi: niwachoree kwenye kompyuta ramani ya mazoezi. Tuseme waasi wanakuja, na mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, unalipuka siku hiyohiyo. Mkubwa aitazame mara moja tu, aamue. Nikifaulu, nina mkataba wa mwaka mzima. Mke wangu alishaitangazia kwaya yote.

Asubuhi nikawasha projekta. Lava nyekundu, inashuka mpaka mtaa wa Majengo. Safi! Kapiteni aliyeniajiri akaruka: "Apana! Rouge ni ya adui peke yake!"

Nikajaribu njano. Projekta yao imezeeka, njano haionekani kabisa. Bluu ni ziwa. Basi nikapaka kijani. Ikapendeza, nikajipongeza. (Kijani ni jeshi letu. Niliichagua mwenyewe, jana tu. Kichwa maji mimi!)

Jenerali akaingia, akatazama, akatabasamu.

"Bale benye kushuka mulima mbio vile ni ba nani?"

Nikafungua mdomo. Meja mmoja akaniwahi: "Ni batu yangu, mon général!"

Eti watu wake! Makofi! Jenerali akaamua palepale: watu wa Majengo wabaki nyumbani, na akina mama watoke na nyimbo kuwapokea mashujaa. Akaanza kuuliza kamanda wao apewe medali gani.

Mama mkwe wangu anakaa Majengo. Najua yalikuwa mazoezi, lakini nilimwona kabisa, kitenge kipya kiunoni, anaipigia lava vigelegele. Nikashindwa kuvumilia.

"Pardon, mon général. Ile haiko batu. Ile ni moto ya Nyiragongo."

Tabasamu la Jenerali likafutika.

"Nani alipaka moto rangi ya jeshi yetu?"

Meja akaninyooshea kidole. Kapiteni pia. Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikajinyooshea.

Mkataba umekwenda na maji. Nimetolewa nje na nyaya zangu shingoni, na sijui nitaanzia wapi kumwambia mke wangu. Meja amebaki ndani, anasaidia kupanga mazoezi mengine.

Msinicheke, nawaomba. Ila siku mlima ukilipuka kweli, msihangaike na ramani. Tazameni Meja anakimbilia upande gani.