Kamera Isiyojulikana Iliko

Asubuhi hiyo mjini Bitola, Ilcho Karamanda alikuwa anakunywa kahawa aliyonunuliwa na mtu aliyemfananisha na binamu yake, naye hakuona sababu ya kumkosoa mtu mkarimu. Ndipo aliposikia, kutoka dirisha la hoteli ya ng'ambo, mwanamume akiigombeza runinga.

"Ngazi ipi hii? Humu nina ngazi kila kona! Sema, wewe!"

Ilcho akaweka kikombe chini. Anayegombana na mashine anahitaji fundi, na fundi, kwa maoni ya Ilcho, ni yeyote mwenye bisibisi mfukoni.

Mgombanaji aliitwa Spase, mwenye hoteli, bahili wa kuhesabu punje za chumvi. Hoteli ilikuwa imepita kwa wamiliki kadhaa, kila mmoja akafunga kamera za kampuni aliyoipenda, kisha akaondoka na paswedi kichwani. Sasa kamera zote zilijazana kwenye mtandao mmoja kama wageni wa harusi wasiofahamiana. Picha zilionekana, ipi inatoka wapi, hakuna aliyejua.

"Utanitoza?" Spase aliuliza kabla hata ya salamu.

"Chakula tu, kaka. Hii kazi naifanya kwa mapenzi."

Tumtendee haki: kazi yenyewe aliijua kidogo. Kila kifaa kwenye mtandao kina namba yake, na mwanzo wa namba humtaja aliyekitengeneza, kama jina la ukoo. Kompyuta yake ikazitaja koo zote. Iliyobaki ilikuwa kazi ya miguu: Ilcho akazunguka na ngazi, akiivika kila kamera kofia yake, huku Spase akipiga kelele kutoka chini.

"Imekuwa giza!"

"Picha ipi?"

"Ile iliyokuwa na mwanga!"

Hata hivyo, kamera zote zilipata majina. Spase akalipa sahani ya maharage ya kuoka, kisha akachukua kijiko akasaidia kuyala. Ilcho hakujali. Macho yake yalikuwa uani, kwenye gari dogo la manjano la marehemu baba yake Spase, linalong'aa kama kiini cha yai. Moyo wake ulikuwa tayari umekaa nyuma ya usukani.

Kesho yake akarudi na pikipiki yake "kuhakiki". Ndani ya kabati la shuka la ghorofa ya juu, nyuma ya mablanketi, akaficha kasha la viatu. Humo alikuwa amejenga mfano mdogo wa stoo ya chini ya ardhi: mapipa ya vizibo vya mvinyo, sanduku la kiberiti lenye mkufu wa bandia unaomwagika, taa ndogo, na kamera moja iliyochomekwa kwenye mtandao wa hoteli.

"Kaka, kuna kamera ngeni," alimwambia Spase. "Kampuni hii haifanani na zako zote. Labda mbovu. Niitoe?"

Spase akaona mapipa. Akaona dhahabu. Sauti yake ikashuka.

"Usiiguse. Iko wapi?"

"Kwenye mtandao wako, basi imo nyumbani mwako. Ukutani, nadhani. Kuufuata waya ndani ya ukuta ni kazi ngumu, kaka. Labda kwa lile gari."

Spase alilia kidogo, akaenda kutafuta hati za gari. Ilcho akabaki peke yake na runinga, akichekelea, mpaka kichwa cha paka kikubwa kuliko mapipa yote kilipoingia stooni. Paka akalamba hazina. Kisha akakalia mvinyo.

Ilcho alipanda ngazi kama anayekimbizwa na nyuki. Alikuwa ameingiza mkono kabatini, akimtoa paka kwa mkia, aliposikia sauti nyuma yake.

"Unatafuta nini kwenye shuka zangu?" Alikuwa Stoyna, shangazi yake Spase, mfua nguo wa hoteli.

"Waya, shangazi."

"Haya. Usinichafulie."

Siku iliyofuata Ilcho alikuja kuchukua gari, akatupia runinga jicho la mwisho. Kamera ilikuwa ileile, namba ileile, lakini stoo haikuwa yake! Mapipa ya kweli, marefu kama watu, na paka akipita katikati yake, mdogo kama paka. Kamera imeangukia nyuma ya kabati, Ilcho aliwaza, ikatua kwenye chumba cha kweli! Alidanganya, kumbe alisema ukweli!

"Funguo hizi," Spase alisema kwa huzuni.

"Hapana, kaka! Gari la marehemu? Nitalalaje? Nipe nusu ya kitakachopatikana, yatosha."

"Nusu? Chukua gari, bwana!"

"Sichukui!"

"Utachukua!"

Walibishana hivyo mpaka wageni wakafungua milango. Mwishowe Spase akakubali kutoa nusu, kwa sharti kwamba Ilcho aongeze pikipiki yake na achimbe mwenyewe. Wakaandikiana. Stoyna akawaonyesha kwa upole waya ulikoelekea: ujia wa chini uliozibwa na kifusi, ambao kila kibarua wa mjini alikuwa amekataa kuuzibua.

Ilcho alichimba akiimba. Alibeba matofali, akabeba udongo, mgongo ukapinda, wimbo ukakatika. Hatimaye koleo likapenya, mwanga ukamwagika usoni.

Ndani, juu ya kigoda, Stoyna alikuwa anakula pilipili za kuchoma. Nyuma yake mlango wa uani ulikuwa wazi kabisa, umeegemezwa jiwe. Kamera aliyoificha kabatini ilikuwa imefungwa rafuni kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Karibu, mwanangu. Umetufungulia njia vizuri."

Ilcho akalitazama pipa la kwanza, la pili, akafunua la tatu.

"Shangazi, hii ni nini?"

"Kabichi ya chumvi. Ya kula majira yote ya baridi."

Akakaa chini juu ya kifusi chake. Kicheko kilimwanzia tumboni bila ruhusa, kikapanda, mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu. Stoyna akamchotea ndoo ya kwanza ya nusu yake, bila kumpunja hata jani, akamfungia na mkate.

"Ndoo nirudishie," alisema.