Jicho la Kushoto la Meneja

Kwa Mheshimiwa Daktari wa Mifugo,
Ambaye pia ni mtoto wa dada yangu,

Mpwa wangu, pokea salamu kabla hujapokea lawama. Ninakuandikia kwa utulivu kutoka kwenye kibanda changu cha viatu. Uniwie radhi kwa ukubwa wa herufi, ni hasira. Meneja yupo miguuni pangu ndani ya boksi lake, pamoja na brashi kuukuu ya kung'arishia viatu anayopenda kuilalia.

Usije ukajifanya humkumbuki. Ni yule simbilisi wa mjukuu wangu, kinyama cha manyoya kama panya mnene, kisicho na mkia, ambaye kazi yake ni kula na kukaa, ndiyo maana akapewa cheo. Mjukuu alipokwenda bweni alinikabidhi mimi, si bibi yake, akaniambia, "Babu, mwangalie mpaka nirudi." Anarudi Jumamosi. Kwa hiyo mkaza mjomba wako aliponing'ang'ania kwamba jicho la kushoto linatoa machozi, nilimleta kwako kwa heshima zote. Yaliyonikuta ni haya:

1. Nilileta jicho, wewe ukafungua mdomo. Ulichungulia meno kama mnunuzi wa punda, ukanieleza kuwa mizizi ya meno ya simbilisi hupanda hadi karibu na jicho, na jino likirefuka kupita kiasi, jicho hulia. Mimi meno yangu ninayo tangu utotoni na hakuna hata moja lililowahi kupanda kuchungulia dirishani. Mwishowe ukasema meno ni mazima. Sasa huko mdomoni tulikwenda kutafuta nini?

2. Ukamtia jichoni tone la rangi, ukazima taa, ukamulika, ukatangaza kuwa umeona mchubuko wa kijani. Hata mimi nikikipaka kiatu rangi nyeusi naweza kutangaza kuwa nimegundua weusi. Ukasema amechomwa na ncha ya jani kavu. Yaani mnyama ajeruhiwe na chakula chake mwenyewe. Basi na sisi tuanze kuvaa kofia ngumu mezani.

3. Ule ute mweupe kama maziwa, uliomkosesha mkaza mjomba wako usingizi, ukasema ni wa kawaida. Eti simbilisi huutoa jichoni akanawia uso. Kwa hiyo kinachoonekana na kila mtu si ugonjwa, na ugonjwa ni kile kisichoonekana mpaka kipakwe rangi. Elimu ni bahari, lakini wewe naona umezama ukiwa bado unavua viatu.

4. Uliagiza matone asubuhi, mchana na jioni, ukaonya kwamba bila dawa jicho linaweza kupofuka. Ukaonya pia kwamba lazima awepo mtu wa pili wa kumshika kwa taulo, maana atafurukuta. Kazi hiyo nimeifanya peke yangu tangu Jumatatu, hapa hapa kibandani, kwa mkono mmoja. Hajafurukuta. Hajapepesa. Anatulia tuli, anapokea dawa kama muungwana. Mwenye maumivu hawi hivyo. Huu ndio ushahidi wangu mkuu, nami naomba uujibu.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mbele ya mama mwenye paka na mzee mwenye mbuzi, uliniuliza, "Na wewe mjomba, macho yako yalipimwa lini?" Eti kwa sababu niliamkia koti lililotundikwa nyuma ya mlango. Koti lile lilisimama kama mtu mzima, na salamu haina hasara. Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano kabla mama yako hajakuzaa. Viatu ulivyovaa siku ya kuhitimu nilivishona kwa macho haya haya. Kama siku hizi wateja wanasema mishono yangu inakwenda upogo, wakapime miguu yao.

Kwa hiyo ninadai ufute kauli yako, ile chupa ya rangi uwape watoto wa chekechea wachoree, na kikao cha ukoo kiitishwe kuamua kama cheti chako kibaki ukutani au kishushwe mpaka ujue tofauti ya jicho na mdomo. Ikibidi, Meneja mwenyewe ataitwa kutoa ushahidi.

Nisalimie mama yako, mkeo, watoto, yule mama mwenye paka, na hata lile koti.

Ni mimi mwenye masikitiko,
Mjomba wako, Fundi Viatu

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, mkaza mjomba wako ameniletea chai, akauliza kwa nini ile brashi kuukuu imelowa dawa. Nimeingiza mkono boksini, nikapapasa. Meneja amejikunyata kwenye kona, jicho limefumba, na nilipoligusa alifurukuta kweli kweli, kama ulivyosema. Nimeogopa, mpwa wangu. Mtoto aliniambia nimwangalie. Barua hii usihangaike kuijibu. Kesho asubuhi tunakuja, mkaza mjomba wako atanishika mkono. Utupime wote wawili, mimi na Meneja, ila uanze na yeye.