Baga ya Kambu na Kura za Tulia

Jumatano, 11 Juni
"Muindi hulaani vyakula asivyovionja." Ndivyo alivyonisema Nthiwa jana mbele ya kamati ya chakula ya kanisa letu hapa Tulia. Upuuzi! Nani huionja sumu kabla ya kuiita sumu? Nimekuwa mwenyekiti miaka tisa. Miaka tisa wageni wetu wamekula muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, na ndengu, si mikate iliyojazwa nyama. Jumapili tunapiga kura. Nthiwa anakitaka kiti changu, na anataka baga kwenye sherehe ya mavuno!

Basi nitaionja, niilaani kwa ushahidi. Si hapa penye macho mengi. Nitakwenda Kambu, barabara ya Mombasa, ambako sijulikani. Mke wangu Ndunge nimemwambia naenda kuangalia mbuzi.

Alhamisi, 12 Juni
Hoteli ya mama mmoja, Gakenia, mzaliwa wa Murang'a. Meza za plastiki. Malori nje. Nikaagiza, nikatoa daftari niandike maovu. Nikauma.

Msiba!

Nyama ya makaa, yenye moshi, mchuzi unateremka hadi kiwikoni. Mkate umepakwa siagi na kubabuliwa kidogo. Nilitafuta kasoro mpaka kipande cha mwisho. Hakuna. Nikaagiza ya pili ili nitafute vizuri. Miaka hamsini na miwili nimetafuna muthokoi kwa ajili ya msimamo! Nani atanirudishia?

Nikasimama, nikafumba macho, nikashukuru kwa sauti kama mtu aliyelelewa kanisani: Bwana, mimi mtumishi wako Muindi wa Tulia, nakushukuru kwa baga hii. Dakika sita. Madereva wakaitikia amina. Gakenia akasema, "Mzee, umeomba vizuri mpaka nimekurekodi." Hatimaye, mtu anayethamini maneno yangu.

Jumamosi, 14 Juni
Gakenia ameyafanya maombi yangu tangazo la hoteli. Video imefika kundi la Whatsapp la kanisa. Katibu wetu, Mbaluka, anauliza kama muthokoi nao huombewa dakika sita. Nthiwa ameandika neno moja: Amina. Nyoka!

Nimepata njia. Nitathibitisha kwamba baga ni chakula cha Wakamba. Ng'ombe ni wetu, makaa ni yetu, jasho ni letu. Kurasa nne. Hoja haina ufa.

Jumapili, 15 Juni
Niliwasomea hoja yangu kabla ya kura; nilipofika ukurasa wa tatu, Mchungaji Mutie akaniomba niketi. Ndunge akainuka. Nikajua ananitetea.

"Baba Nzisa, uliniambia unaenda kuangalia mbuzi. Huyo mbuzi alikuwa ndani ya mkate?"

Hata kwaya ilicheka. Nthiwa kura thelathini na moja. Mimi mbili. Moja ni yangu. Ya pili si ya Ndunge; ameniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Nthiwa akanishika bega, akasema pole, ndugu, uongozi hutoka kwa Mungu. Miaka tisa hakuwahi kusema hivyo nilipokuwa mimi kiongozi!

Jumatatu, 16 Juni
Nimetafakari. Kosa langu ni moja tu: nilipaswa kusoma kurasa zote nne. Waliocheka hawakuhukumu hoja, walimhukumu mtu mwenye njaa.

Ninyi thelathini na mmoja mliompigia Nthiwa, nawataka mrudie kura Jumapili ijayo, kwa kuinua mikono, nikiwaangalia mmoja mmoja machoni. Na asithubutu mtu yeyote kuleta baga kanisani.

Nitazileta mimi.