Kifuniko Kinachoita

Jumatatu, 6 Mei

Bi Kicheko wangu,

Niko chumba cha usanifu! Mimi, mfungashaji wa ghalani! Msanifu mmoja yuko likizo ya uzazi, kiti kipo wazi, nami nilikuwa napita na katoni. Mkuu, yule mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akasema kaa hapo wiki hii tuone.

Tunabuni birika jipya. Lakini marufuku kuchora! Mkuu anasema anayekimbilia kalamu huchora birika la jana. Kwanza tunaandika kazi za birika bila kutaja kipande kinachozifanya. Si "mkono", bali "kumwezesha mtu kunyanyua bila kuungua". Si "mdomo", bali "kuelekeza maji". Kisha kila kazi itafutiwe njia nyingi, hata za kichaa, wala hakuna kumcheka mtu.

Nikaandika: "Kumwita mtu jikoni."

Rula akacheka. Ni mhandisi, amenyooka hata akikaa, ndiyo maana ya jina. Akakumbushwa sheria. Akadai amekohoa. Kikohozi gani hicho chenye meno yote nje!

Wewe unajua. Kifuniko cha birika lako, kile kilegevu. Maji yakichemka kinacheza, ta-ta-ta, nawe unapaza sauti uani: "Mzee, unaitwa!" Jana nimelijaza maji mara ya kwanza tangu uondoke. Linavuja. Fundi bati amelitazama juani, akasema chini limekuwa karatasi, akilichomea litatoboka zaidi. Halitafika mbali.

Basi nimeamua. Ijumaa Mkuu anachagua wazo moja. Litakuwa langu. Kila nyumba itaitwa jikoni kama nilivyoitwa mimi.

Jumanne, 7 Mei

Siku ya kadi. Kila njia kwenye kadi yake, kila kazi na safu yake mezani. Unaokota moja kila safu, unaziunganisha, linazaliwa birika ambalo hakuna aliyeliwaza. Uzuri ulioje! Nikaliona moja limefumwa kama kikapu, linainama lenyewe kumimina, kama mtu mwenye adabu anayesalimia. Likapita dirishani polepole. Mkuu akaniita, sikusikia. Rula akanigusa bega, akaniuliza kama niko nao au nimeshasafiri.

Wenzangu walipokwenda kula, nikafanya hila yangu. Kwenye safu ya "kumwita mtu" niliondoa kadi zote, nikaweka zangu: kifuniko kinachocheza, kifuniko kinachocheza, kifuniko kinachocheza. Mchana kila birika likazaliwa na kifuniko kinachocheza. Mkuu akashangaa sadfa ile. Nami nikashangaa, kwa sauti.

Rula akafunua safu. Hakunisema. Aliniinamia tu akasema, mzee, hata bahati ina aibu yake. Kisha akaandika upya kadi zilizopotea: mluzi, taa, na ya kwake, "kunyamaza na kujizima".

Kunyamaza! Birika linyamaze limekosewa nini?

Jumatano, 8 Mei

Leo kuokota kwa kura, macho yamefumbwa. Nikapaka kadi yangu gundi kidogo ili ininate vidoleni. Ikanata kwenye mkono wa shati. Nikazunguka nayo kutwa nikiitafuta hata chini ya kabati. Kura zikapigwa bila kifuniko.

Jioni dada yako akaja kuchukua nguo za kufua. Akanyanyua shati, akasoma, akaniuliza: "Shemeji, 'kifuniko kinachocheza' ndiyo nini? Dawa, au umeshaanza kuandikiwa na wanawake?" Nikamweleza ni kazi. Akacheka mpaka akakaa. Ana kicheko chako, ila chake kinaanzia puani. Kisha akaliona birika juu ya rafu, akaacha kucheka. Akasema nilitupe, ataniletea jingine. Nikamwambia birika si kandambili.

Bahati nzuri Mkuu ameruhusu kila mtu alete wazo moja la kujichagulia. Langu: mkono usiounguza, mdomo usiomwaga ovyo, chini kuzito, na kifuniko, unakijua.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepata akili kubwa leo!

Kesho mawazo yatapimwa. Katikati ya meza huwekwa birika moja la zamani, liitwalo kigezo. Kila wazo hulinganishwa nalo, kazi kwa kazi. Likilishinda, alama ya kujumlisha. Likishindwa, ya kutoa. Sawa kwa sawa, duara. Mkuu alikuwa anatafuta kigezo. Nikanyoosha mkono: nitaleta langu la nyumbani.

Fikiria hila hiyo! Linavuja, linaunguza, linamwaga upande. Wazo langu litalishinda kila mahali. Na lile lisilofanana nalo litaonekana kituko mara tu kifuniko kikianza kucheza.

Nimelisugua kwa majivu. Linang'aa. Usinicheke.

Ijumaa, 10 Mei

Wanasema mwerevu hajinyoi. Nimejinyoa, na wembe nimekwenda nao mwenyewe.

Tuliliweka juu ya jiko lililo pembeni ya chumba. Likaanza. Ta-ta-ta. Nikajikuta nimesimama, nimegeukia mlango, nangoja neno. Hakuna aliyesema kitu. Nikakaa.

Mkuu akanipa chaki nipime wazo langu. Kunyanyua bila kuungua: langu lina mkono usiopata moto. Lakini nikaona kile kitambaa ulichokuwa unazungushia mkononi, cha maua. Nikaandika kutoa. Kuelekeza maji: lako humwaga kushoto, ndiyo maana ulinikalisha kulia kwako siku zote. Kutoa. Kutunza maji: Mkuu akatazama dimbwi sakafuni. Nikaandika duara.

Rula akashindwa kuvumilia. Mzee, birika limevuja mpaka ndani ya viatu vyangu! Nikamwambia vilikuwa na vumbi.

Nikashuka safu nzima. Kutoa, kutoa, kutoa. Hila yote ile, na mkono ukakataa kuandika kwamba kuna birika linalolishinda lako. Hata langu mwenyewe.

Mkuu akanipokonya chaki taratibu, kama unavyompokonya mtoto kisu. Wakapima upya bila mimi. La Rula likashinda. Langu likawa la pili kutoka mwisho. La mwisho lilikuwa lako.

Nilipokuwa nafungasha, Rula alikuwa amelifuta birika hadi ndani. Akaniuliza nilisimama kusikiliza nini. Nikamwambia. Safari hii hakukohoa.

Jumatatu, 3 Juni

Ghalani tena. Katoni ni zile zile, nazo zimenipokea vizuri.

Jana Rula alinipitia nyumbani na birika lake la mfano, la kwanza kabisa kutoka karakana. Zuri, nakiri. Nikalijaza, nikaliwasha, nikakaa sebuleni. Dada yako akanikuta jua limeshageuka. Maji yalichemka zamani, likajizima, yakapoa. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini muda wote huo. Nikamwambia nangoja niitwe. Hakunicheka. Akayachemsha tena, akaja mpaka mlangoni, akasema: "Shemeji, unaitwa." Kwa sauti ya puani.

Lakini sikiliza! Mwezi ujao wanabuni kigoda, na kiti kitakuwa bado wazi. Nimeshaandaa kazi: "Kumfanya mtu asogee karibu." Na kigezo ninacho, kile kigoda chako chenye mguu mmoja mfupi, ulichokuwa ukikalia huku umeniegemea. Hiki hakivuji. Wazo langu litakishinda kila mahali. Safari hii siwezi kukosea.

Birika lako liko juu ya rafu, limekauka, kifuniko kimelala.

Huko uliko, maji yakichemka, nikumbuke.