Neno Zito Nililolipeleka Boko

Leo nimedhalilika. Tena Boko, tena mbele ya wakwe, tena ndani ya suti ya kuazima!

Mnamjua Festo, binamu yangu wa hapa Tandale. Anataka kuoa. Leo familia ilikuwa inakwenda kujitambulisha kwa kina binti, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa msemaji. Festo mwenyewe kabaki nyumbani, ndiyo desturi. Wiki nzima alikuwa ananisisitizia jambo moja tu.

"Braza, mama yake kafundisha Kiingereza maisha yake yote. Tafuta neno zito. Ukiongea Kiswahili kitupu watatuona washamba."

Nikatafuta. Nikapata "sanguine". Jamani, nililisoma neno lile kuliko nilivyosomea mtihani wa kidato cha nne (matokeo yangu mnayajua, tusiyarudie). Ni mtu mwenye matumaini. Ni wekundu wa damu. Ni uso uliowiva kwa afya. Hata chaki nyekundu ya wachoraji inaitwa hivyo hivyo! Nikawa nalitamka bafuni mpaka mpangaji mwenzangu akagonga mlango kuuliza kama naumwa.

Tumefika, shikamoo zimeisha, tumekaa. Huku mimi, shangazi na baba mdogo. Kule wazee wamejaa kochi zima. Nikasimama. Nikawaambia sisi ni watu "sanguine" juu ya jambo hili, nikaeleza maana ya kwanza. Nikaona wanasikiliza, nikaingia ya pili, nikawaonyesha kitambaa chekundu cha meza. Ya tatu nikamwonyesha mama wa binti mwenyewe, nikasema uso wake ndio mfano (shangazi akanivuta koti, nikadhani ananipongeza). Ya chaki nikaimwaga bila kuulizwa.

Mama akaitikia kwa kichwa. "Umelitumia sawasawa, baba. Maana zote umezipatia."

Kichwa kikavimba! Ndipo baba mkubwa wa binti akauliza, kwa Kiswahili chepesi kabisa:

"Tumekuelewa, mwanangu. Nyumba hii ina mabinti wanne. Mmemjia nani?"

Mimi yule binti namwita Shem. Mwaka wa pili huu namwita Shem! Kwenye simu nimemwandika Shem Boko. Nikamgeukia shangazi, na yeye humwita mkwe. Baba mdogo akaanza kukagua dari. Nikaingiza mkono mfukoni nimtumie Festo ujumbe.

"Simu hapana," akasema baba mkubwa.

"Tumemjia... Shem."

"Hapa hatuna mtoto anayeitwa Shem."

"Yule... mweupe kidogo. Anayependa kucheka."

Pazia la korido likasogea, Shem akachungulia. Nikamkodolea macho nikiomba msaada. Akalivuta pazia, akalifunga, na baada ya muda nikasikia analia huko ndani. Hapo kwa kweli niliumia.

"Neno la Kiingereza unalijua nje ndani," akasema baba mkubwa. "Mtoto wetu hujui hata anaitwaje. Kuleni, kisha mkajipange upya."

Tumekula pilau kama tuko msibani.

Na Festo, badala ya kunipa pole, amenifokea kwenye simu: "Anaitwa Tumsifu! Umeshindwaje?"

Nimeshindwaje? Wiki nzima unanikaririsha Kiingereza, jina la mchumba wako umelificha kama namba ya siri! Eti nataka kumharibia ndoa. Mimi! Niliyeazima suti kwa ajili yake! Shangazi anasema wakituruhusu kurudi, msemaji atakuwa mwingine, na mimi nitakaa nyuma kabisa, nisifungue mdomo.

Na nyie mnaotaka kucheka, subirini kwanza. Kila mmoja aandike hapa chini jina kamili la shem wake, ndipo acheke.