Nimefundisha Protocole Mbele ya Wamama wa Fataki

Wandugu, leo nimejiaibisha mwenyewe, bila musaada wa mutu yeyote. Niko nawaandikia hapa mu bureau, mulango imefungwa na funguo, rideau ya dirisha chini, ili wafikiri nimesharudi nyumbani.

Kwa wale hawanijui: miye ni informaticienne, mutu wa kompyuta, wa shirika moja hapa Bunia. Niko peke yangu mu hii kazi. Maana yake, nikisema kitu, hakuna mutu wa kunikatalia (na shida yote ilitokea hapo).

Kazi ya leo ilikuwa nyepesi. Wamama waliokimbia vita kule Fataki, wanaoikala sasa Ngezi kwa ndugu zao, walipashwa kupokea mbegu ya maharagi. Mvua imeshaanza, mashamba ya kuazima iko tayari. Camion ya mbegu iko mu kiwanja yetu, lakini chauffeur alisema wazi: saa sita anaondoka, wanamungoja Iga Barrière, hata mbegu ikiwa bado juu ya camion. Kilichobaki ni kuchapa liste ya majina. Bila liste, chef haachilie hata kilo moja.

Liste iko mu serveur, ile masini kubwa inayolinda kazi yetu yote. Tuko na serveur mbili. Ya zamani inalinda majina na mots de passe zetu, yale maneno ya siri: ukitaka kufungua kitu, yeye ndiye anakuandikia ruhusa. Mupya inalinda documents: inaangalia ile ruhusa, inakufungulia. Hii mupya ilifika juma lililopita kutoka Kinshasa, imepangwa yote na Trésor, informaticien wa bureau yetu ya kule.

Saa mbili ya asubuhi, chef akaniita.

"Furaha, serveur yako inasema niliandika hii barua saa moja. Saa moja miye nilikuwa nayoga!"

Nikaangalia. Kweli, iko nyuma na lisaa limoja. Nikaingia mu ile serveur mupya, nikasukuma saa mbele, nikatoka. Dakika mbili tu. Chef akasema "merci", na miye nikatembea mu couloir kifua mbele, sawa vile mutu amejenga barrage ya umeme.

Saa tatu, kilio. Secrétaire hawezi kufungua liste. Comptable hawezi kufungua kitu. Chef hawezi. Kila écran: accès refusé, hauna ruhusa!

"Ni nini tena?" chef akauliza.

Wandugu, ningeweza kusema sijui. Lakini diplôme yangu iko kwenye ukuta, ilikuwa inaniangalia. Nikainua kidole.

"Chef, ni mambo ya protocole, namna masini zinasemezana. Compatibilité. Serveur ya zamani inaandika ruhusa kwa namna ya zamani. Ile mupya inaiangalia, inasema karatasi hii siijui."

Nikaona watu wanatikisa kichwa. Utamu ukanipanda. Nikamugeukia Papa Ngabu, logisticien wetu, mutu wa umri wa baba yangu, yeye aliyeagiza ile serveur mupya, nikamwambia mbele ya wote: "Papa, mukinunua vitu vya réseau, mutuulize kwanza siye tuliosoma."

(Ndiyo, nilisema hivyo. Musinitukane, nimeshajitukana.)

Papa Ngabu hakukasirika. Akauliza tu, polepole: "Ma fille, hatuwezi kuchomeka clé USB pale pale kwenye serveur, tutoshe liste?"

Nikacheka. Yesu wangu, nilicheka! "Papa, hii si radio ya gari."

Basi nikaanza vita. Nikafungua protocole ya zamani. Nikazima serveur, nikawasha. Nikafunga protocole mupya. Nikazima tena. Nikabadilisha mot de passe ya chef (hadi sasa sijamwambia). Accès refusé, accès refusé.

Saa tano, Mama Lotsove, présidente ya wale wamama, akasimama mulangoni.

"Mutoto yangu, siye tuko tunangoja tu. Lakini chauffeur ameanza kupangusa vioo."

Roho ikaniuma. Wale wamama walitoka Ngezi alfajiri, wengine na mutoto mugongoni, na jua ya leo ilikuwa kali. Nikatoka kuwaelezea. Yote! Ruhusa, namna ya zamani, namna mupya, mikono yangu hewani. Mama Lotsove akawatafsiria mu luga yao, maneno sita hivi.

"Umewaambia nini, Mama?"

"Masini mbili hazisikilizane."

Wamama wakasikitika sana. Mumoja akauliza kama familia za pande mbili zimeshaitwa, ziikale chini, ziongee.

Saa tano na nusu, chef akachoka. "Piga Trésor. Weka haut-parleur, wote tusikie."

Nikapiga. Bureau yote imenizunguka. Nikamupa Trésor compatibilité yangu yote, dakika tatu bila kupumua. Akauliza:

"Furaha, uligusa saa?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Ilikuwa nyuma. Nikaongeza lisaa limoja."

"Ekie! Haikuwa nyuma! Ilikuwa inaonyesha saa ya Kinshasa. Nyinyi Bunia muko mbele yetu na lisaa limoja. Ulipashwa kubadilisha fuseau horaire tu, saa ya mahali, serveur ijue iko Bunia. Weye ukasukuma saa yenyewe! Sasa ile ya zamani inaandika ruhusa, mupya inaona imeandikwa lisaa lililopita, inafikiri ni mwizi. Saa zao zikipishana zaidi ya dakika tano, inakataa. Protocole haina shida hata moja."

Nikatafuta kitufe cha kuzima haut-parleur. Kidole kikakosa njia.

"Na hata hivyo," Trésor akaendelea, "mbona haukuchomeka clé USB kwenye serveur yenyewe, pale haikuulizi ruhusa, ukatosha liste?"

Watu wote wakamwangalia Papa Ngabu. Papa Ngabu akaangalia viatu vyake. Heri angecheka.

Kutengeneza ilichukua dakika moja. Liste ikaanza kutoka saa sita kasoro dakika kumi, na imprimante yetu ya kuchapa, shetani yule, ikachagua leo kuvuta karatasi mojamoja na kupumzika. Nikachungulia dirishani: camion imeshawashwa. Na mbele ya camion, mukono juu ya capot, Papa Ngabu anamuuliza chauffeur habari ya watoto wake, mumoja kwa mumoja. Kumbe chauffeur ana watoto tisa, Mungu amubariki! Mama wa mwisho alipokea mbegu yake saa sita na nusu.

Nikamwendea Papa Ngabu, nikaomba musamaha na sauti ya chini. Akasema, "Si kitu, ma fille, kunywa maji." Afazali angenigombeza.

Mama Lotsove akaja kuaga, mufuko wake kichwani.

"Masini zilipatana?"

"Zilipatana, Mama."

"Mukosaji ni nani?"

Sikuweza kumudanganya. "Ni miye. Niliongeza lisaa limoja."

Akahesabu kwa vidole. "Kumbe tulikaa mu jua masaa tatu kwa sababu ya lisaa limoja?" Akageuka, akawatafsiria wenzake. Safari hii alitafsiri yote, hakuacha hata neno, na kicheko kilifika mpaka barabarani.

Sasa nawaomba, wandugu: mukinikuta kesho njiani, muniulize habari ya nyumbani, ya kanisa, hata ya mvua. Lakini musiniulize ni saa ngapi.